Sebule ya Kiafrika Nchini Marekani

Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, karibu na mji wa Orlando, ipo hoteli ambayo msemaji wa Kiswahili aingiapo hana haja ya mkalimani wa kumsomea vibao. Jengo lake la kwanza laitwa Jambo House. Chumba kimoja cha kulia ni Boma, kingine ni Jiko. Bwawa la kuogelea ni Uzima. Duka la vitu vya kumbukumbu ni Zawadi. Mahali pa kukandwa misuli na kufanyia mazoezi ya mwili palipewa jina la Zahanati, na hapo ndipo mama aliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri, mtoto mwenye homa akiwa mgongoni, atakaposimama kidogo na kucheka peke yake.

Hoteli hiyo, Disney's Animal Kingdom Lodge, ilifunguliwa mwezi wa Aprili 2001. Mchoraji wa ramani yake alikuwa Peter Dominick, msanifu wa majengo kutoka Denver. Alilijenga jumba la ghorofa sita likiwa limepinda kama kwato ya farasi, kwa kufuata boma la ng'ombe la watu wa kusini mwa Afrika. Na ndani ya mkono huo wa jumba, badala ya ng'ombe, hulisha twiga, pundamilia na swala wa kweli, wakitazamwa na wageni kutoka madirishani. Malisho mojawapo yaitwa Arusha. Mwenyeji wa Arusha ya kweli, mwenye kuijua Arusha ya soko, ya stendi na ya mitaa yenye pilikapilika, atashangaa kidogo. Lakini asishangae mno, maana mgeni huwa anaubeba mji kwa kile alichokwenda kukitazama.

Sehemu iliyozungumzwa zaidi ni ukumbi wa kupokelea wageni. Paa lake ni la nyasi, liko juu sana, limeshikiliwa na nguzo nene za magogo. Taa zake kubwa zimeundwa kwa sura ya ngao. Daraja lenye umbo la kamba limepita hewani toka upande mmoja hata wa pili, na mwisho wa ukumbi kipo kioo kirefu kinachoyafungua malisho mbele ya macho. Mgeni aliyetoka uwanja wa ndege, mtoto begani na mizigo mkononi, hukoma kusema kwa muda. Hiyo ndiyo kazi ukumbi uliyopewa, nao unaifanya vizuri.

Lakini je, ni Afrika ya kweli? Swali hili huulizwa sana na wapenzi wa hoteli za namna hii kila zinapotengenezwa upya, na majibu yake huwa mengi kuliko maarifa. Wengi huuliza kama vitu ni vya asili au vya kuigiza: nyasi ni nyasi au ni plastiki, mbao ni mbao au ni saruji iliyopakwa rangi. Kwa mtu wa kwetu swali hilo ni dogo. Nyumba ya watu haijulikani kwa nyasi zake. Ukumbi wa hoteli ni sawa na baraza na sebule ya nyumba zetu za pwani, mahali ambapo mwenye nyumba humpokea asiyemjua kabla ya kuamua amfikishe wapi. Anayepita hodi sebuleni huuliza kwanza, hii ni nyumba ya nani?

Ukiuliza hivyo katika ukumbi wa Florida, jibu linakuwa gumu. Umbo la jumba ni la kusini. Maneno ya milangoni ni ya mashariki. Mvinyo unaotolewa Jiko ni wa Afrika ya Kusini. Kinyago kikubwa kuliko vyote kimetoka magharibi, kwa Waigbo wa Nijeria. Hebu msomaji afikiri mtu amejenga nyumba Nairobi au Kampala, akaipa madirisha ya Kireno, jiko la Kirusi na vitanda vya Kiswidi, kisha akabandika kibao nje kwamba hiyo ndiyo nyumba ya Kizungu. Kila kitu chaweza kuwa cha asili, na nyumba isiwe ya mtu yeyote.

Pamoja na hayo, hapana budi kutenda haki. Baadhi ya majina yalichaguliwa kwa sikio zuri. Jengo la pili la hoteli, lililofunguliwa 2009, laitwa Kidani Village, na kidani ni neno tamu la Kiswahili kwa mkufu wa shingoni. Bwawa la huko laitwa Samawati, rangi ya mbingu. Hata Jambo, neno ambalo wajuzi wa lugha hulikunjia uso, lina ukweli wake. Waswahili wenyewe huulizana hujambo na kujibiana sijambo; jambo tupu, lisilo na kichwa wala mkia, ni salamu apewayo mgeni asiyeijua lugha. Basi nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wageni wasioijua lugha, ikiitwa Jambo, imejitaja ilivyo.

Jiko na Boma ni habari nyingine. Jiko kwetu lina moshi, lina mafiga, lina mama aliyeinama. Na kijana aliyepata jiko amepata mke. Kule ni chumba cha kulia chenye bei kubwa. Boma nalo kwa askari na polisi ni neno zito: ni ngome, ni ofisi ya serikali, ni pale bendera inapopandishwa asubuhi. Katika Florida ni ukumbi ambamo vyakula hupangwa mezani na kila mtu akajipakulia atakavyo. Mwenye kuwa na njaa hatagombana na jina. Walakini ni vyema kujua kwamba neno, kama mtu, laweza kuhamishwa kituo na kupewa kazi ambayo halikuisomea.

Turudi kwenye kinyago, kwa kuwa ndicho chenye mengi. Chaitwa Ijele. Katika vijiji vya jimbo la Anambra, Ijele ndiye mfalme wa vinyago vyote. Urefu wake ni kama mita 4. Mifupa yake ni fito za mianzi, nyama yake ni vitambaa vya rangi, na juu yake hupangwa sanamu ndogo ndogo za kila jambo la maisha. Sehemu ya juu na ya chini zimetenganishwa katikati na chatu mkubwa. Shirika la UNESCO, lililoiingiza ngoma hiyo mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa wanadamu, linaeleza kwamba kuitayarisha ni kazi ya watu 100 kwa miezi 6, na kwamba hujengewa nyumba yake ya kuihifadhi kabla ya siku ya kucheza. Atakayekivaa huchaguliwa kwa kura. Akishachaguliwa hujitenga kwa miezi 3, akala chakula maalumu ili apate nguvu za kuubeba mzigo ule. Siku ya ngoma hulindwa na watu 6 waitwao polisi, naye huchukua kioo ambacho husemekana kina uwezo wa kuwavuta na kuwaadhibu waovu. Huchezwa wakati wa kiangazi, katika sherehe, maziko na mambo makubwa ya kijiji, na katika kuomba rutuba na mavuno.

Kile cha hoteli kilitengenezwa na mafundi wa Kiigbo kwa ajili ya hoteli hiyo. Kwa hiyo si cha bandia. Wala hakuibwa mtu. Fundi aliyajua aliyoyafanya na aliuza alichotaka kuuza. Lakini Ijele wa Florida hana wa kumbeba. Hakupigwa kura kwa ajili yake, hakuna aliyejitenga miezi 3, polisi wake 6 hawapo, na kioo chake hakina mwovu wa kumtazama isipokuwa mtu aliyechelewa kulipa chumba. Wamakonde wanaocheza mapiko wanajua tofauti iliyopo kati ya kinyago kilichovaliwa na kinyago kilichosimamishwa pembeni. Cha kwanza ni mtu mwingine kabisa aliyeingia kijijini. Cha pili ni mti.

Basi hapa pana kitu cha asili kilichopoteza kazi yake. Kinyume chake kipo pia, nacho kiko katika shamba hilo hilo la starehe, mwendo mfupi wa gari kutoka Jambo House.

Tarehe 1 Oktoba 1971, siku ilipofunguliwa Walt Disney World, ilifunguliwa pia hoteli iliyojengwa kwa mfano wa visiwa vya Polinesia. Mapambo ya namna hiyo yalikuwa yamependwa Marekani kwa muda mrefu. Yalianza katika baa za California miaka ya 1930, na yalishika zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliopigana katika visiwa vya Pasifiki waliporudi makwao. Vita ilikuwa ya matope, malaria na maiti. Walichotaka kukikumbuka ni mnazi, bahari na jioni tulivu. Jambo hilo halihitaji kuelezwa kwa nyumba yoyote ambayo babu yake alikwenda Burma na King's African Rifles. Mzee huyo hakuzungumza sana juu ya risasi, lakini pengine alikuwa na sahani, au kitambaa, au picha ya hekalu, na ole wake mjukuu aliyeigusa.

Ukumbi wa hoteli ile ya Polinesia ulikuwa na bustani nzima ndani yake: miamba, minazi, maua ya okidi na maporomoko ya maji yaliyoshuka toka juu katikati ya jumba. Mtu aliyekuwa akiandikishwa mezani aliyasikia maji kabla ya kuyaona. Vyumba vya wageni, kwa upande mwingine, vilikuwa masanduku ya chuma yaliyotengenezwa mahali pengine, yakaletwa kwa malori na kupangwa mahali pake, kisha yakavikwa mbao. Wala hakuna mtu wa Samoa au Tonga aliyewahi kujenga nyumba yenye maporomoko ya maji ndani. Nyumba za jadi za Samoa ni wazi, zina nguzo na paa, na upepo hupita upendavyo. Kwa kipimo cha Wapolinesia, ukumbi ule ulikuwa uzushi mtupu tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2014 ukumbi ulitengenezwa upya. Maporomoko yalibomolewa. Mahali pake paliwekwa chemchemi ndogo yenye sanamu ya Maui, shujaa wa hadithi za visiwa hivyo, na sakafu ikafunguliwa ili watu wapate nafasi ya kukaa na kupita. Mtu yeyote aliyewahi kutunza jumba atazielewa faida zake: maji yanayoanguka ndani ya nyumba huleta unyevu, kelele na ukungu, mimea ya kivuli hutaka mtu wake, na ukumbi uliojaa miamba katikati huwazungusha watu wenye mizigo. Tena sanamu ya Maui iko karibu zaidi na visiwa vyenyewe kuliko yale maporomoko. Kwa hesabu za darasani, ukumbi ulizidi kuwa wa kweli.

Wageni wa siku nyingi walilalamika kwa uchungu. Walisema Polinesia yao imeuawa.

Ni rahisi kuwacheka, maana hawakuwahi kufika Polinesia. Lakini anayecheka na ahesabu kwanza. Kutoka 1971 hadi 2014 ni miaka 43. Mtoto aliyeshikwa mkono mbele ya maji yale mwaka wa kwanza alikuwa amekwisha kuleta watoto wake mwenyewe, na baadhi yao wajukuu. Palipigwa picha za harusi pale. Wapo waliofika na mama na baadaye wakafika bila mama. Sauti ya maji yale ilikuwa imekuwa alama ya kwamba safari imefika, kama vile harufu ya karafuu kwa anayeshuka chomboni Pemba. Maporomoko hayakuwa ya Polinesia, ni kweli. Lakini yalikuwa ya hao watu, na yalikuwa na kazi. Uzushi uliotumiwa miaka 43 na vizazi vitatu umekwisha kupata wenyewe.

Kosa la watengenezaji, kama ni kosa, halikuwa kuyabomoa. Nyumba ni ya kutengenezwa. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba ukweli wa ukumbi uko katika vitabu vya visiwa peke yake. Baadaye jambo likageuka tena: mwaka 2021 vyumba vya hoteli hiyo vilipambwa kwa picha na rangi zilizotoka katika filamu ya katuni, Moana, ya 2016. Sasa hoteli iliyoigiza visiwa inaigiza filamu iliyoigiza visiwa. Watoto wanapenda, na pengine baada ya miaka 40 nao watalia siku zitakapobanduliwa.

Mambo haya yangeweza kuachwa Marekani, kama si kwamba pwani yetu nayo imejaa kumbi za kupokelea wageni, na ndani yake swali lina makali zaidi. Kule Florida kitu kilichokosewa ni heshima ya neno au ya kinyago. Huku kwetu ukumbi wa hoteli huweza kula nyumba ya jirani.

Tazama mlango wa Kiswahili. Una miimo miwili, una kizingiti, una mfaa katikati unaozikutanisha mbao zake mbili, na nakshi zake husema habari za mwenye nyumba: mali yake, dini yake, biashara yake, nyakati nyingine mwaka aliojenga. Milango hiyo iko Unguja, Mombasa, Lamu, Bagamoyo, Pangani. Hoteli zilipoanza kutaka sura ya pwani, kitu cha kwanza kutakiwa kilikuwa mlango wa zamani. Mjane mwenye paa linalovuja na mlango wa babu wa mumewe huwa hana nguvu ya kubishana sana na mnunuzi mwenye fedha taslimu. Mlango huenda, na mahali pake hupigiliwa mabati au mbao za makasha.

Serikali ziliona hatari hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964 iliihesabu milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vyenye kulindwa. Kenya nayo, katika sheria yake ya 2006, iliweka mpaka wa mwaka 1946. Sheria ni nzuri. Lakini polisi anayesimamisha lori usiku, akaona mbao zilizofunikwa turubai chini ya magunia ya nazi, hana budi ajue anachokitazama. Na mlango uliokwisha kung'olewa hata ukikamatwa haurudi kirahisi katika ukuta uliotoka.

Ajabu ni kwamba mlango huo, ukifika hotelini, ndio unaosifiwa kuliko vyote. Mgeni huambiwa una miaka zaidi ya 100, naye huupapasa kwa heshima. Ni wa kweli kabisa. Haukuigizwa. Lakini umepigwa msumari ukutani, haufunguki wala haufungi, nyuma yake ni saruji. Ukimlinganisha na Ijele wa Florida, yule Ijele ana nafuu: alitengenezwa mpya, kwa malipo, na hakuacha pengo Anambra.

Zipo njia nyingine, na zimekwisha kujaribiwa. Hoteli ya Serena ya Unguja, iliyofunguliwa 1997 pale Shangani, iliwekwa katika jumba la simu la zamani na jengo jirani lake, yakatengenezwa badala ya kuachwa yaanguke; nyumba ilibaki pale pale, ikapewa kazi mpya. Na wachongaji wa Lamu na wa Unguja bado wapo. Fundi akipewa mbao nzuri na muda, atachonga mlango ambao mjukuu wake ataweza kuuonyesha na kusema, huu ni mkono wa babu. Mlango huo mpya ukiwa hotelini si uongo. Ni mlango wa fundi fulani, wa mwaka fulani, uliochongwa kwa ajili ya ukuta huo na si mwingine.

Watengenezaji wa kumbi mara nyingi huukwepa mlango mpya kwa sababu hauna uzee wa kumwonyesha mgeni. Wengine humwambia fundi aupakie matope, au aukwaruze kwa mnyororo, ili uonekane wa zamani. Fundi mwenye kujiheshimu hukasirika akiambiwa hivyo, na ana haki.

Familia za askari na polisi zinalijua jambo hili kwa namna yao, ingawa hazina kumbi zenye paa la nyasi. Nyumba ya kambini ni ya serikali: kuta za rangi ile ile, madirisha ya kipimo kile kile, safu kwa safu. Uhamisho ukija, vitu hufungwa kwa siku mbili. Mama wa nyumba huvua vitambaa vya kufuma vilivyokuwa juu ya viti, huteremsha picha za harusi na ya gwaride la kumaliza mafunzo, hufunga mkeka uliotoka kwao katika shuka, na kufika kituo kipya huvirudisha vyote kabla hata ya kuwasha moto wa kwanza. Mgeni aingiapo jioni hiyo haulizi kama vitambaa ni vya asili ya mkoa huo. Anaketi, na anajua yuko kwa nani.

Huko Florida, usiku ukiingia, wageni wa Jambo House hushuka nje, kando ya moto. Katika wafanyakazi wa hoteli wamo vijana wa kutoka nchi za Afrika, na katika beji ya kila mmoja, chini ya jina lake, imeandikwa nchi aliyotoka. Wageni huwauliza habari za wanyama, za nyumbani kwao, na maana ya maneno yaliyo milangoni. Wengi wao wametoka Afrika ya kusini, na Kiswahili si lugha yao. Wamejifunza maana ya Kidani na Samawati huko huko kazini.

Na katika baadhi ya hoteli ndogo za Mji Mkongwe wa Unguja, zile zilizowekwa ndani ya nyumba za zamani, mlango mkubwa bado uko katika ukuta wake. Mchana huwa wazi, mgeni akapita katikati ya miimo yake bila kuutazama, akili yake ikiwa katika mizigo. Usiku mlinzi wa zamu huurudisha, mbao moja baada ya nyingine hata zikutane katika mfaa, kisha hutia komeo.